Chupa Moja, Ng'ombe Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya mifugo ya Eldoret, niliharibu kazi ya ng'ombe tisa kwa chupa moja. Tulikuwa shamba fulani upande wa Timboroa, baridi ya kukata masikio, nami nimevaa gambuti mpya na kiburi cha aliyemaliza kidato cha nne. Mkuu wa Maabara alinionyesha mahali kupe wanapopenda kujificha: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele. Akanipa kibano na chupa tisa zenye spiriti, akaenda kunywa chai na mwenye shamba. Nikawang'oa kupe kwa bidii. Kwa kuwa chupa ya kwanza haikujaa, niliona ni hasara kufungua nyingine. Niliwatia wote humo, nikarudisha nane zikiwa safi, nikingoja kusifiwa.

Mkuu aliinua chupa kwenye mwanga. "Umepika supu," akasema. "Tukipata bakteria humu, na huyu mzee aniulize ni ng'ombe gani, nimjibu nini?"

Bakteria walipatikana, na mzee akauliza. Ndani ya gari Mkuu akanipa sheria: chupa moja, ng'ombe mmoja, na kabla majibu hayajatoka, mdomo umefungwa. "Usimtajie mkulima ugonjwa kwa kubahatisha," akasema. "Atauza mnyama mzima kwa sababu yako."

Niliishika sheria hiyo kuliko nilivyoshika mambo ya kanisa.

Nyinyi mnaoanza leo mmekuta mashine. Sisi kwanza tulikuwa na darubini tu. Tulipaka damu ya ng'ombe kwenye kioo, tukaitia rangi, tukatafuta nukta ndogo pembeni mwa chembe nyekundu. Hao ndio bakteria wa ugonjwa wa ndigana baridi, ambao huletwa hasa na kupe wa bluu. Ndigana kali ni jambo lingine, haitokani na bakteria, na tulichoka kuwaeleza watu. Baadaye tukaanza kumsaga kupe mwenyewe, kutoa vinasaba vilivyo ndani yake, na kuiachia mashine ivinakili mpaka kile kidogo kionekane. Hata hapo Mkuu alituonya: bakteria wakiwa ndani ya kupe, si lazima ng'ombe awe mgonjwa. Kwa hiyo tulingoja tena.

Walinihamishia kituo cha Timboroa, nikalia kama mtoto wa bweni. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala nje naanza kuwaza kama kuku wamefungiwa. Waliponirudisha Eldoret, Daktari wa Mifugo aliyechukua nafasi ya Mkuu alizoea kunitania: "Mama Kibet, siri nikiiweka kwako au kwenye friji ni sawa." Nilidhani ananisifu, na labda alikuwa ananisifu.

Nilistaafu nikarudi Kesses, kwa kuku wangu. Jirani yangu ni Baba Wambui, mwenye duka, na ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, Kanini. Maziwa ya Kanini ndiyo yalimsomesha Wambui. Juzi mvua zilipoisha, Baba Wambui aliniita kwenye ua.

"Mama Kibet, si wewe ndio profesa wa kupe? Huyu hali tangu jana."

Nilivuka. Kanini alikuwa na joto, kinyesi kikavu, ufizi mweupe kama karatasi. Chini ya mkia, kupe wa bluu. Moyoni nilishalijua jina.

"Ni nini?" akauliza.

"Tungoje majibu."

"Basi niite daktari amdunge?"

"Adunge nini, Baba Wambui, na hatujui tunachotibu? Ngoja kwanza."

Alinitazama kidogo, akangoja. Aliniamini, hilo ndilo linaloniuma. Nilitoa kupe, chupa moja, ng'ombe mmoja, kwa usafi kabisa, nikawapeleka mjini pamoja na damu yake kule nilikofanya kazi. Vijana walinipokea vizuri, wakanipa kiti. Mashine ilikuwa inasubiri kemikali. Nikarudi nyumbani nikiwa nimetulia, kama mtu aliyefanya jambo.

Kanini akalala chini, akakataa kuinuka. Baba Wambui akamwita daktari bila kuniuliza. Alimdunga dawa ya kawaida, ile inayouzwa kila duka la dawa za mifugo mjini, lakini alikuta macho yameshakuwa manjano.

Sasa nakaa na kuku wangu na kufikiri. Mkuu alinifunga mdomo kwa sababu nilikuwa mjinga. Ujinga ulipoisha, nilisahau kuufungua mdomo.

Majibu yalipofika kwenye simu nilikwenda dukani. Baba Wambui alikuwa anapima sukari. Nikamsomea yote: bakteria wamepatikana, ndani ya kupe na ndani ya damu, ni ndigana baridi, hakuna shaka.

Alifunga ile karatasi ya sukari vizuri, akaiweka kwenye rafu.

"Mama Kibet, hayo majibu ni mazuri sana. Kanini tumemzika pale nyuma ya choo. Enda umsomee."