Mguu Uliokataa Kushona

Mwanzoni mwa miaka ya sitini nilikuwa mshonaji Busia, upande wa Uganda. Siku moja asubuhi niliketi kwenye cherehani yangu, barazani mwa duka la nguo, nikaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio, nao haukukanyaga. Niliusukuma kwa mkono. Ukakaa tu, kama mguu wa mtu mwingine.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimejifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Wakwe zangu walimzika kwao Lunyo mimi nikiwa bado kitandani, na mara nilipopata nguvu nikarudi kazini. Watu walinisifu kwa kujikaza.

Hospitalini walinipima wasione ugonjwa. Mwishowe nikaambiwa kuna daktari wa akili kutoka Kampala, huja Tororo kila mwezi. Nilikasirika, lakini mume wangu alikuwa dereva wa lori na njia yake ilipita Tororo, basi akanipakia.

Daktari alikuwa Mganda wa makamo, wa kabila la huko Kampala. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, na changu cha sokoni. Hatukuwa na lugha nyingine ya kuzungumza.

"Mimi si mwehu," nikamwambia kabla sijaketi.

"Nani nasema wewe mwehu?" akajibu. "Ambia mimi, mama. Siku mguu nakataa, wewe ulikuwa nashona nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikafikiri. Ilikuwa flaneli nyeupe. Mteja alikuwa ameileta ashonewe nguo za mtoto mchanga. Nilipoyatamka maneno hayo, niliinuka nikaenda kumngoja mume wangu barabarani.

Mara ya pili akasema, "Leo mimi nataka ongea na mguu. Nataka nini, huyo?"

Nilicheka. Halafu nikajisikia nikijibu, "Anataka kukaa chini. Amechoka." Papo hapo nikaziba mdomo.

"Nini nakuja sasa?"

"Kuna mwingine ndani. Ananigombeza."

"Nasema nini?"

"Anasema Kisamia, lugha ya kwetu."

"Basi, wacha aseme Kisamia."

"Hutaelewa, daktari."

"Si mimi natakiwa elewa," akasema, akaweka kalamu chini.

Nikasema kwa Kisamia, mbele ya mtu asiyejua hata neno moja. Inuka, mvivu wee. Wenzako wamezika na wanalima. Nani atakulisha ukikaa hivyo? Nilivyoendelea, niliitambua sauti. Ilikuwa ya shangazi aliyenilea baada ya mama kufariki. Kumbe alihofia mumewe angechoka nami anifukuze, ndiyo maana alinihimiza nifanye kazi tangu alfajiri. Utotoni nilisikia ukali tu. Siku ile, kwa kinywa changu mwenyewe, nilisikia jinsi alivyoogopa. Nikalia, kwa mara ya kwanza tangu kumpoteza mwanangu.

Daktari alingoja mpaka nikamaliza. "Usifukuze yeye," akasema. "Amefanya kazi mingi. Ambia yeye ahsante, halafu omba yeye apumzike kidogo."

Nilifanya hivyo, na si mara moja. Sauti ile haikuhama, lakini ilipoanza kunigombeza nilijua ni nani na anaogopa nini. Mguu nao ulirudi polepole: vidole kwanza, kisha kifundo, hadi nikaweza kushona pindo refu bila kukatiza. Flaneli niliikataa kwa muda mrefu, na sikuona haya kuikataa.

Siku ya mwisho ya kwenda Tororo, tukiwa njiani kurudi, nilimsimulia mume wangu habari za hao wawili walio ndani yangu, anayetaka kukaa chini na anayegombeza. Nilidhani atacheka. Akaendesha mpaka karibu na msitu wa Busitema.

"Hata mimi niko na mmoja," akasema.

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anaendesha tu."

Kisha akaegesha lori kando ya barabara, akazima injini. Mimi sikuwa nimeonyeshwa mtoto wetu. Wanawake walimfunika wakamtoa haraka. Kumbe yeye ndiye aliyembeba mpaka Lunyo, na hakuwahi kuniambia.

"Alikuwa na kidevu chako," akasema. "Na nywele nyingi, nyingi kabisa."

"Niambie yote," nikamwambia, nikamshika mkono, naye akaniambia.