Saa Aliyoivua Tumpale Msibani

Tumpale wa kijiji cha Isansa ni mkulima wa kahawa na ana kisukari. Kwa miezi minane alivaa saa ya kuhesabu hatua aliyopewa na mradi mmoja wa afya. Alipokuwa akichuma, amesimama penye mche mmoja, saa ilimtetemekea mkononi na kuandika: "Umekaa mno. Inuka utembee." Aliicheka.

"Bosi wangu kakasirika," aliwaambia wachumaji wenzake, akahamia mche mwingine.

Kisha mumewe, Zabron, akafariki. Tumpale aliketi mkekani kama mjane anavyopaswa kuketi. Siku ya pili, katikati ya sala, saa ikatetemeka: umekaa mno. Aliivua, akaifunga katika pindo la kitenge. Hakuivaa tena hadi arobaini ilipopita.

Alipokwenda zahanati alitaka jambo moja tu: hesabu ya miezi yake minane. Daktari alikuwa ameahidi kuitazama Jumatatu kabla ya kuamua kama atampunguzia dawa.

"Shikamoo, mama," alisema Jofrey, mtumishi wa mradi.

"Marahaba, baba. Nitolee hatua zangu."

Jofrey alitafuta jina lake katika simu. "Zimefutika, mama. Saa ikinyamaza siku thelathini, mfumo unahesabu kwamba umeacha."

"Nimeacha nini? Shambani nilikwenda kwa mbawa?"

"Nitakupa saa nyingine. Utaanza sifuri."

"Sifuri! Na miguu hii nayo ianze sifuri?"

Waliobuni chombo hiki walimfikiria anayevaa. Anayevua walimwona mkosaji tu. Hawakujiuliza kama mtu aweza kuwa na sababu ya haki ya kusimama, wala kama alichokwisha kukitembea kinabaki kuwa mali yake. Kumfutia ni kumdhulumu, na dhuluma haipungui kwa kuwa imetendwa na mashine.

Ili kufunga ukurasa wa zamani wa Tumpale, simu ilidai sababu ya kuacha. Zilikuwamo tatu: imepotea, imeharibika, uvivu.

"Andika msiba," alisema Tumpale.

"Hakuna pa kuandika, mama. Na ukurasa wako usipofungwa, siwezi kumwandikisha mwingine."

Tumpale aligeuka. Nyuma yake wanawake sita walikuwa wakisubiri kupewa saa.

"Basi weka uvivu," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Lakini hawa, kabla hujawafunga saa mikononi, waambie wasije wakafiwa."