Sahihi ya Mama Nati

Karakanani walimwita Mama Nati. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuondoka kazini bila kuhesabu nati zake mara mbili. Kazi yake ilikuwa kukagua kila ndege ya shirika la ndege la taifa, kisha kutia sahihi kwamba inafaa kuruka.

Mwaka ule shirika lilikuwa hoi. Ndege tatu kati ya nne zilikuwa zimeegeshwa, zikinyofolewa vipuri ili ya nne iendelee kupaa. Bungeni walibishana. Wengine walitaka serikali ilinusuru shirika, wakisema nchi bila ndege yake ni mgeni hata angani. Wengine walisema huko ni kujaza maji kwenye pakacha, heri zahanati zipate dawa. Siku mbili kabla ya kura, wabunge kumi na wanane wakaalikwa safari fupi, wajionee kwamba shirika bado lina pumzi.

Asubuhi ya safari, Mama Nati alipitisha kidole nyuma ya gurudumu la kushoto, kikatoka na mafuta. Bomba la breki lilikuwa na ufa. Alilifuta, akamulika tochi, akimwomba Mungu uwe mkwaruzo tu. Ulikuwa ufa. Na hilo ndilo lilikuwa bomba la akiba la mwisho, lililonyofolewa kwenye ndege zilizoegeshwa.

"Mwembamba kama unywele," meneja alisema. "Kwenda na kurudi dakika arobaini. Tia sahihi."

Aliificha mikono kwenye mifuko ya ovaroli. Watu mia sita walikuwa wakipata riziki zao pale. Alikwenda chooni akajifungia. Alipotoka alimkuta mdogo wake mlangoni, mhudumu wa ndege, amevaa suti yake ya kazi.

"Dada, nimesikia. Ukikataa, sote tuko mtaani."

"Na wewe umo safarini?"

"Nimo. Nani atawamiminia chai waheshimiwa?"

"Basi sitii sahihi."

"Na wanangu, dada?"

Alihofia akifungua mdomo angekubali. Alirudi akaandika "Isiruke", akaikandamiza kalamu hata ikatoboa karatasi. Meneja hakufoka. Alisema kwa upole uliomtisha zaidi, "Umetuzika, mama."

Wabunge walisubiri ukumbini kwa saa mbili, wakaondoka. Hoja ya kulinusuru shirika ilianguka kwa tofauti ya kura saba, na mwezi haukuisha likafungwa. Ndege iliuzwa kama chuma chakavu, bomba likiwa humohumo. Hakuna aliyelijaribu.

Mama Nati akafungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji. Kwa mwaka mzima mdogo wake alimpita bila salamu, naye kila akimwona alishikwa na baridi: huenda aliwanyima watu ugali wao bure.

Siku moja mdogo wake akaja, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, lingepasuka?"

"Sijui."

"Siku ile na mimi niliogopa," mdogo wake akasema. "Nilikuwa naomba usinisikilize."