Mtoto Hapimwi Amelala

Kinyozi hajinyoi, hilo tunalijua. Lakini fundi wa nguo ashindwe kumvisha mwanawe wa kumzaa mwenyewe? Jambo hilo lilimtia Mwanasiti hasira asiyojua aipeleke wapi. Miaka tisa alikuwa akishona pale Garsen, cherehani yake barazani, amewashonea watu sare, magauni na mapazia, wala hakuwahi kukutana na mteja wa kumshinda. Sasa alikuwa amempata. Mteja mwenyewe alikuwa na miaka mitatu, na utosi wake ulizidi meza ya cherehani kwa shubiri moja tu.

Haikuwa nguo ya sikukuu, ingekuwa hivyo angeiacha. Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zilikuwa zimeujaza mto Tana hadi ukapanda mashambani, na maji yalipokubali kurudi yaliacha madimbwi kila upande, na madimbwi yakaleta mbu. Hanan alishikwa na homa mara mbili. Mara ya pili degedege lilimpanda mikononi mwa mamake, macho yakageuka, na Mwanasiti akakimbia naye mpaka zahanati akiwa na kiatu mguu mmoja. Nesi alipoipima damu ya mtoto alitikisa kichwa. "Hii damu ni kidogo, mama Hanan. Homa ya tatu sijui kama ataiweza. Akilala, mbu asipate mahali."

Mbu asipate mahali, ni rahisi kusema. Chandarua walikuwa nacho, walipewa wakati wa mafuriko, lakini Sadik, baba mtu, alikiazima siku moja tu, hivyo ndivyo alivyosema, siku moja tu, akaenda kutegea kambare kwenye maji yaliyobaki shambani. Kambare aliwapata. Chandarua kilirudi kinanuka, na katikati kina tundu la kupita mbuzi. Mwanasiti alikula wale samaki kwa sababu njaa haina kinyongo, lakini siku tatu hakumsemesha mumewe. Alipokishona, kikapasuka pembeni. Kumfunika mtoto leso nako ilikuwa kazi bure, maana Hanan alilala kama anayepigana, na baada ya dakika mbili leso iko kule na miguu iko huku.

Ndipo Mwanasiti akaamua kumshonea pajama. Suruali ndefu yenye mpira miguuni, shati la mikono mirefu yenye mpira mikononi, pamba nyepesi ili joto la Garsen lisimchemshe. Kitambaa alikuwa nacho, cha samawati, kilichobaki kwenye kazi za watu. Akikata kwa kubana kingetoa pajama tatu. Moja tu ilitosha, alijiambia.

Tatizo lilikuwa kumpima. Ukimshika Hanan asimame, analegea kama mrenda, anateremka mpaka chini huku anacheka. Ukimwachia, ameshafika barabarani. Mwanasiti alijaribu asubuhi nzima kwa futi yake ya kupimia, akatumia upole, akatumia mandazi, akatumia sauti ya babake. Alichopata ni urefu wa mkono mmoja, na hata huo hakuwa na hakika nao, maana mwenye mkono alikuwa akiula mwisho wa futi.

"Nitampima akilala mchana," alisema.

Mama mkwe wake, Bi Abdia, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mboga. Mikono yake ilisimama. "Mtoto hapimwi amelala."

"Kwa nini, mama?"

"Hapimwi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Bi Abdia alitoka upande wa juu wa mto, kwenye vijiji vya Wapokomo Waislamu, na alikuwa na miko mingi kuliko sufuria: usifagie ukielekea mlangoni jioni, usiruke miguu ya mtoto, usiseme mtoto amenenepa. Mengine Mwanasiti aliyafuata kwa heshima, mengine aliyafuata akionwa. Lakini hili la kupima lilimkera, kwa sababu mbu hawakuwa na miko yoyote.

Basi pajama ya kwanza akaikata kwa macho. Macho ya fundi ni mazuri kwa mtu mzima anayesimama mbele yako akanyamaza. Nguo ilipokwisha, suruali ilimwishia Hanan chini kidogo ya magoti, na vifundo vya miguu, ambavyo ndivyo mbu wanavyovipenda kuliko vyote, vikabaki nje.

Kaltuma, jirani yake Muorma, aliyekuwa akipita na maziwa, alisimama akacheka mpaka akatua kibuyu. "Wewe chukua Kadra wangu," alisema. "Kadra na Hanan, mwaka moja. Zaliwa mwezi moja. Kadra yeye nasimama kama mti."

Ilikuwa kweli, Kadra alisimama kama mti. Alipimwa mabega, mikono, kiuno, miguu, hata hakupepesa. Mwanasiti alimpenda mtoto yule siku hiyo kuliko wa kwake, na akakata kipande cha pili kwa furaha. Lakini ni nani asiyejua watoto wa Waorma walivyo? Wanarefuka tangu tumboni. Pajama ya pili ilimburuta Hanan nyuma kama mkia wa gauni la arusi, na juu ikamkwama tumboni, tumbo la mtoto wa mkulima lililoshiba ndizi na wali. Alipolazimishwa kuvaa, mshono wa pembeni uliachia. Hanan alifurahi sana kuusikia.

"Nimeshona nguo za nusu ya mji huu," Mwanasiti alimwambia Kaltuma, "na sasa nimeshona nguo ya mwanao. Mchukulie."

Kikabaki kipande kimoja. Jioni ile paji la uso la Hanan lilikuwa na joto, na Mwanasiti alikaa naye roho juu juu mpaka likapoa. Haikuwa homa, lilikuwa jua tu, lakini akaapa kwamba kesho miko ya mama mkwe itakaa pembeni.

Kesho yake, adhuhuri, Bi Abdia alichukua jembe akaelekea shambani. Hanan alilala kwenye mkeka, chali, mikono huku na huku, ametulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mwanasiti alipiga magoti. Aliweka mwanzo wa futi begani, akaunyoosha mkanda polepole kupita tumbo na goti mpaka kwenye unyayo, akauminya hapo kwa kidole gumba.

Kivuli kilianguka juu ya mkeka. Bi Abdia alikuwa amesahau panga.

Mwanasiti alingoja kufokewa. Alikuwa hata na jibu tayari, kali, lenye mbu na chandarua na kambare ndani yake. Lakini yule mama hakufoka. Aliinama, akaitoa ile futi mkononi mwake, akaikunja, akaendelea kuikunja hata ilipokuwa imekwisha kukunjika. Kisha akaketi.

"Mafuriko ya sitini na moja," alisema. "Sadik hajazaliwa. Nilikuwa na msichana, Tuneya. Mkubwa kama huyu. Maji yalituzunguka siku nyingi, tukabaki kwenye kijiinuko, wanawake na watoto. Homa ikamchukua. Pale tulipokuwa hapakuwa na udongo mkavu wa kuchimba. Wanaume walikuwa ng'ambo, kwenye ardhi ya juu, na mtumbwi ulikuwa mmoja. Wakaniambia tuma kipimo, tuchimbe kabla."

Akatazama unyayo wa Hanan.

"Nikachukua ukindu. Nikamwekea begani hivi ulivyofanya, nikaongeza kichwa, nikaunyoosha mpaka mguuni. Nikapiga fundo. Kamba ikapanda mtumbwi ikaenda kwanza. Yeye akafuata."

Hasira yote Mwanasiti aliyokuwa ameilimbikiza wiki nzima ilimgeukia yeye mwenyewe, akaona aibu.

Bi Abdia ndiye aliyeinuka kwanza. Alisimama wima katikati ya baraza na kuvuta leso yake ikanyooka. "Lete chaki. Nipime mimi."

"Mama?"

"Kila siku huyu ananishika leso nikipika. Unadhani sijui anafika wapi? Bega lake ni hapa." Alijigusa katikati ya paja. "Kiuno, hapa. Mkono ukining'inia, hapa. Na tumbo, nikimbeba, mkono wangu unamzunguka, vidole vinafika hapa kwenye kiwiko. Andika."

Mwanasiti aliweka alama za chaki kwenye leso ya mama mkwe wake, moja moja, mpaka chini sakafuni. Hanan alikoroma kidogo na kugeuka. Hakuna aliyemgusa.

"Chini uache pindo," Bi Abdia alisema. "Vidole vinne."

"Kitambaa hakitoshi, mama. Hiki ni cha mwisho."

Yule mama alishika ncha ya leso yake, palepale chini ya alama za chaki, akaitia meno, akaipasua upande mzima. "Hiki kitatosha. Vidole vinne, nimesema. Atakua."

Neno hilo Mwanasiti hakuwahi kulisikia kinywani mwa Bi Abdia. Aliketi kwenye cherehani akaishona pajama ya samawati yenye miguu ya leso nyekundu, na machozi yalimsumbua asiuone mstari vizuri, akaukasirikia mstari. Hanan alipoamka akavishwa. Ilimkaa. Ilimfunika mpaka kifundoni, tumbo likaingia, na mpira ukashika. Akakataa kuivua. Alikimbia nayo hadi kwa Kaltuma, akarudi na vumbi lote la Garsen, na Mwanasiti akalazimika kuifua na kuianika kabla hata haijalaliwa mara moja.

Homa ya tatu haikuja msimu ule.

Mwaka uliofuata mvua zilipoanza, suruali ilikuwa imepanda. Mwanasiti alichukua wembe akafumua lile pindo jekundu, na ndani yake rangi ya leso ilikuwa bado mpya. Bi Abdia aliishika miguu ya suruali, akapitisha kidole mahali mshono wa zamani ulipokuwa, kisha akashuka mpaka ulipo mwisho mpya. Vidole vinne.

"Hanan, simama basi nione," Mwanasiti aliita, lakini Hanan alikuwa ameshafika barabarani. "Huyu mtoto atanitoa roho. Simama!"

"Mwache akimbie," Bi Abdia alisema, akavuta leso yake ikanyooka. "Nipime mimi."