Sanda Haipindwi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hakuna pa kuchekea. Haya ninayokusimulia hayakumpata jirani wa binamu wa mtu fulani. Yalinipata mimi, barazani kwangu, Kariakoo, jua halijazama, na shahidi ninaye. Shahidi wangu ni Mchaga wa kanisani asiyeamini majini wala mizimu. Mwulize. Atakwambia hataki kuizungumza habari hiyo, na hilo lenyewe ni jibu.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Sabuni foleni, unga foleni, na kitambaa ndiyo usiseme. Kazi yangu ilikuwa kushona mifarishi, yale matandiko manene ya kitandani. Watu waliniletea kanga zilizochakaa, nami nilichagua palipo hai nikakata vipande, nikaviunganisha juu, katikati nikajaza sufi, na chini nikaweka kitambaa kimoja kizima. Nilikuwa fundi, sijisifu. Basi, najisifu kidogo.

Chumba cha pili alikaa Mama Ndeshi, ndiye shahidi niliyemtaja. Yeye alipaka rangi vyombo vya nyumbani: vigoda, makabati, vitanda. Alikusanya mabaki kwenye makopo ya watu, akayachanganya mpaka akapata rangi ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza. Tulifanya kazi pamoja, mimi barazani na yeye mlangoni, tukitaniana kutwa nzima.

Mwaka huo binti yangu Saada alikuwa anaolewa. Mtoto wangu wa pekee, na baba yake alishatangulia mbele ya haki. Mama Ndeshi akasema kitanda cha bibi harusi ni zawadi yake. Akakipiga msasa, akakipaka buluu iliyopoa, na kwenye ubao wa kichwani akaanza kuchora mawaridi. Mimi nikashona mfarishi. Niliweka humo kanga niliyombebea Saada mgongoni, na ile niliyofunga siku baba yake alipozikwa, na nyingine aliyoninunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kilichokosekana ni kitambaa cha chini. Nilitaka cheupe na kipya. Mwari hawezi kulala kwenye viraka juu na chini, au unasemaje?

Ndugu yangu Seif, mjomba wake Saada, alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Alikaa Ilala. Akaniambia niache wasiwasi, na baada ya muda mfupi akaja na bafta jeupe la pamba kwapani, jipya, linanukia duka. Nilipiga kigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Nikamuuliza amelipata wapi.

"Dada, wewe shona," akasema. "Maswali yatakuchelewesha."

Nikashona. Kuna kosa gani hapo?

Basi, ilikuwa alasiri moja ya masika. Mvua imenyesha tangu asubuhi, Jangwani kumejaa maji, mtaa mzima ni tope. Nilikuwa nimekaa napinda ukingo wa lile bafta. Saada yuko ndani anacheka na wenzake. Nikainua macho, nikamwona bibi mmoja amesimama mbele yangu. Sikumsikia akija. Nikampa heshima yake.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia marahaba. Alisema, "Poleni sana na msiba, mwanangu."

Nikamwambia hapa hapana msiba, labda amepotea nyumba. Akaketi ukingoni mwa jamvi kama mtu aliyechoka kutembea. Ndipo nikaona alichojitanda. Mimi ni mshonaji, macho yangu huenda kwenye nguo kabla ya uso. Alijitanda pazia. Pazia la dirishani la kijani, lenye maua, na juu lina ule upindo mpana wa kupitishia waya. Na alinukia karafuu maiti. Nikajisemea, masikini, dhiki imemfikisha hapa.

"Dukani walituambia jora limekwisha," akasema kwa upole tu, bila lawama. "Kipande cha mwisho kimekwenda kwenye msiba wa Kariakoo. Nikasema, nami nikishatulia, nije niwape pole. Aliyekufa ni msichana, walisema."

Nikainamia sindano yangu. 

Akavuta ncha ya bafta kutoka mapajani kwangu. Akaanza kuufumua upindo wangu kwa kucha, taratibu, uzi ukatoka wote bila kukatika hata mara moja.

"Sanda haipindwi, mwanangu," akasema. "Nani amekufundisha kupinda sanda?"

"Bibi, hii si sanda! Ni ya mfarishi. Binti yangu anaolewa."

Wakati huo Saada akatokea mlangoni na kanga kichwani, akamwamkia. Yule bibi akamtazama. Naapa, sijawahi kuona mtu akimtazama mtoto wa mwenzake kwa huruma kama ile. Akaendelea kufumua.

Mama Ndeshi alikuwa pale mlangoni na brashi mkononi. Akaniinamia sikioni, "Mgeni wako mbona kavaa pazia?" Kwa hiyo usiniambie niliota. Adhana ya magharibi ikaanza, nikageuka kumwambia Saada awashe kandili. Nilipogeuka tena, jamvi lilikuwa tupu. Bafta limekunjwa vizuri, ukingo wote umefumuliwa. Na pale alipokaa palikuwa na udongo mwekundu, mkavu, wa kuchotwa kwa vidole. Mji mzima siku hiyo usingepata udongo mkavu. Mama Ndeshi akautazama, akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani bila kuosha brashi yake.

Usiku ule sikumpa Seif nafasi ya kuzungukazunguka. Akasema ukweli. Bafta la duka la ushirika lilikuwa halitolewi ila kwa mwenye msiba, tena mpaka apate kibali cha balozi wa nyumba kumi. Naye akaenda kwa balozi wake akajiliza, akasema amefiwa.

"Ulisema umefiwa na nani?" nikamuuliza.

Akainama. "Nilisema mpwa wangu."

Sisi tumezaliwa wawili tu. Seif hakuwa na mpwa mwingine duniani isipokuwa Saada. Kweli hakulifikiria hilo. Lilimtoka tu mdomoni, na alikuwa anatafuta furaha ya mtoto yuleyule. Lakini maneno huumba, jamani. Nililia nikamtukana, naye akalia.

Kulipokucha akanipeleka Ilala kwa watu waliokuwa nyuma yake foleni siku ile, wakakosa sanda. Ilikuwa nyumba ya mzee mmoja fundi viatu, Mzee Kibwana. Mkewe ndiye aliyefariki. Nilipoingia chumbani mwake, nikaona dirisha liko wazi, waya wa pazia umening'inia kwenye misumari yake, mtupu. 

"Alilishona mwenyewe lile pazia," mzee akatuambia. "Alilipenda. Tulipokosa sanda tukasema, basi aende na kazi ya mikono yake. Mungu anajua hali zetu."

Nikamweleza yote, nikamwekea bafta mapajani. Nilimwambia hili ni haki ya mkewe. Akalisukuma kwangu, kwani kaburi halifukuliwi kwa ajili ya nguo. Tukasukumiana mpaka mwishoni akasema, "Niachie. Nitaliweka sandukuni. Yeyote atakayefariki akakosa sanda, nitampelekea." Nikarudi nyumbani moyo umepoa. Niliona tumelipa neno kwa tendo, na shari imepita. Mfarishi wa Saada nikauwekea chini shuka kuukuu la marehemu baba yake. Saada hakunung'unika. Alisema hivyo ndivyo bora, baba yake atakuwapo harusini.

Homa ilimshika wakati tumeshaanza kualika watu. Ilikuwa homa tu, ile ya kila masika, tuliyozoea wote. Hospitali dawa hazikuwapo siku hiyo, na zilipopatikana alikuwa hazihitaji tena. Alifariki alfajiri mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Aliyezika mtoto anajua, na asiyezika nisimfundishe.

Hatujamtuma mtu bado, Seif yuko chini anagaragara akisema yeye ndiye aliyemzika, mara hodi mlangoni. Mzee Kibwana. Na bafta kwapani.

"Nani amekuambia?" nikamuuliza.

Mzee akaninyooshea lile bafta. "Mke wangu. Nimeamka nimemwona amesimama dirishani, amejitanda pazia letu. Alikuwa ananionyesha sanduku, huku analia."

Wanawake walipolitandaza lile bafta kumkata mwanangu sanda, hawakuwa na upindo wa kufumua. Kazi hiyo ilishafanywa. Lakini matundu ya sindano yangu yalikuwa bado yanaonekana ukingoni, mstari mzima, moja baada ya jingine. Mmoja akasema waukate ukingo huo. Nikakataa. Nilitaka aende na kazi ya mikono yangu, hata kama ni matundu tu.

Kitanda kipo mpaka leo. Mama Ndeshi hakulimaliza waridi la mwisho, na kila akipita hapo hugeuza uso. Hakuna anayekilalia. Seif yule wa maneno mengi alikuwa mtu wa ndiyo na hapana mpaka anakufa. Mimi nashona bado, lakini kitambaa cheupe kikinipitia mikononi, kipande kimoja nakiweka sandukuni bila kukipinda, kwa ajili ya jirani yeyote. Mtaa mzima wanakijua. Wamekuja kukichukua mara nyingi.

Nawe unayenisikiliza, danganya kwa sukari, danganya kwa unga, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Ila usitaje kifo ambacho hakijafika, hata kwa utani, hata kwa mapenzi. Watu huniuliza kama namchukia yule bibi. Nimchukie kwa lipi? Hakuja kunichukulia mwanangu. Alikuja kunipa pole, nami nikamwambia amepotea nyumba.