Dumu la Gari Katikati ya Pilau

Mpaka leo nikipita stendi ya Sikonge kuna vijana wa bodaboda wananiita Mama Dizeli, na mimi nawapungia mkono kama mgombea, kwa sababu nimegundua nikinuna ndiyo wanaita zaidi. Jina hilo sikulipata kwa kuuza mafuta. Nililipata Ipole, kwenye harusi ya watu, mbele ya mchungaji aliyekuwa amefumba macho, na kwa kuwa hadithi hii imeshazunguka ikiwa imetiwa chumvi kuliko pilau langu la siku ile, acheni niieleze mwenyewe, tena kwa mpangilio, ili mkinicheka mnicheke kwa kilichotokea na si kwa kilichoongezwa.

Mimi napika. Nina banda la chipsi na chakula cha mchana Tabora mjini, karibu na stesheni, na nachukua kazi za shughuli, harusi, kipaimara, maulidi, popote penye masufuria makubwa. Vyombo nabeba kwa pikapu yangu ya dizeli, ambayo ni kubwa kiumri kuliko mwanangu Kulwa, na Kulwa yuko chuoni. Sasa dizeli ilipoanza kupanda, ikapanda tena, nikajikuta kila mwanzo wa mwezi bei mpya zikitangazwa nasikiliza redio kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto ambaye hajasoma. Kazi za mbali nikaanza kuzikataa. Nilikuwa nimefikia kuuza gari, na mnunuzi nilishampata.

Aliyenizuia ni Fundi Masudi, anayelitibu gari hilo tangu marehemu mume wangu alinunue. Alikuja kula chipsi, akatazama karai langu, akauliza mafuta yakishachoka huwa nayapeleka wapi.

"Namwaga," nikamwambia.

"Mama Kulwa, unamwaga safari ya Sikonge kwenye mtaro?"

Akanieleza kwamba injini ya zamani kama yangu haichagui sana chakula: mafuta ya kukaangia yakitulizwa, yakachujwa vizuri, yakachanganywa na dizeli, inakunywa na kutembea. Kwa zile mpya alinionya nisimshauri mtu, zitakufa. Na kwangu pia alinipa sharti moja. "Baridi ikishika yanaganda. Yakiganda kwenye bomba utalala porini na nyuki."

Nikajaribu. Likatembea! Nikaanza kukusanya hata ya kina mama wa maandazi, nikachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili, nikayaweka kwenye madumu. Tatizo pekee lilikuwa harufu. Gari likipita, nyuma linaacha harufu ya kuku wa kukaanga, na jirani yangu mwenye duka akalalamika kwamba namtia njaa kabla ya saa nne. Nikaona hilo si tatizo, ni tangazo la biashara. (Kumbukeni hiyo harufu, itarudi kunidai.)

Basi akaja Nyamizi. Huyu binti alipanga chumba kwangu miaka yote aliyosoma ualimu, akila kwangu na kuosha vyombo vyangu bila kutumwa. Akaniambia anaolewa, harusi ni kwao Ipole, kijiji cha mbele ya Sikonge, baada ya watu kulipwa pesa za tumbaku, na anataka nipike mimi. Shangazi yake, Mama Mihayo, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa amekataa kabisa. Alisema Ipole wapishi wapo, wa mjini wa nini? Nyamizi akashikilia msimamo wake, akasema kama si Mama Kulwa basi watu wale mihogo. Kwa hiyo siku ile sikuwa nabeba pilau tu. Nilikuwa nimebeba neno la binti wa watu alilompa shangazi yake.

Ilikuwa mwezi wa saba, na nyie mnaijua baridi yetu ya alfajiri ya mwezi wa saba. Tanki lilikuwa limejaa mchanganyiko wangu wenye dizeli nyingi, na dumu moja la akiba, lenye dizeli kidogo, nimeliandaa la kurudia, maana sikutaka kununua hata tone njiani. Nikaligusa, nikaona ndani mafuta yameanza kuwa mazito kama uji. Nikakumbuka Fundi Masudi, bomba na nyuki. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ambao niliuona wa akili sana: nikaliweka lile dumu nyuma ya gari, katikati ya masufuria mawili ya pilau la moto, nikafunika yote kwa blanketi, ili lisafiri likiota joto.

Dumu lilikuwa la njano. Dumu la mafuta safi ya kupikia, ya kumalizia kukaangia kuku kule kule, nalo lilikuwa la njano. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, la gari nilikuwa nimelifunga kitambaa cheusi kwenye mkono. Msaidizi wangu Zaituni, mwanamke hodari wa jiko kuliko mimi, alipotafuta kitu cha kushikia sufuria la moto akakifungua kile kitambaa, akakitumia, akakiweka mfukoni. Nami simlaumu. Nani anaweka alama ya hatari kwa kitambaa cha jikoni?

Tulifika Ipole jua limeshapasha, gari likinguruma vizuri, na kabla hata sijazima mwanamume mmoja akapaza sauti: "Chakula kimefika, nimekisikia kwa pua kabla ya gari!" Watu wakacheka na kupiga makofi, vijana wakavamia pikapu, "shikamoo mama, shikamoo mama," huku wanashusha. Nikaitikia marahaba kwa wote, nikavimba kichwa, nikaenda mbele kupanga meza. Vijana wale wakashusha kila kitu. Nasema kila kitu.

Kuku walikuwa wamechemshwa, bado kuwapitisha kwenye mafuta tu, na wanawake wa pale walikuwa wamejitolea kusaidia nyuma ya turubai. Mimi nilikuwa mezani, hatua chache kutoka kwa mchungaji, ambaye alikuwa amepewa kipaza sauti aombee chakula. Akaanza. Watu wakafumba macho. Mimi nikafumba moja (mpishi hafumbi yote), na kwa lile lililobaki wazi nikaona, kwenye mwanya wa turubai, mama mmoja ameinua dumu la njano, ameshamimina nusu ya karai, na Zaituni yuko mbali anakata kachumbari, na upepo ukaniletea harufu ambayo hakuna kuku duniani anaitoa.

Nilikuwa na nafasi ya kwenda kimyakimya. Najua. Nimeifikiria mara nyingi. Lakini karai lilikuwa juu ya moto, na mwenzake ameshashika paja la kuku, na mimi mdomo wangu ulikwenda kabla ya miguu.

"Acha! Usikaange! Hayo ni mafuta ya gari!"

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Spika zikachukua sauti yangu zikaipeleka mpaka barabarani. Mchungaji hakufumbua macho. Alisema taratibu, "Amina."

Karai liliepuliwa salama, hakuna hata kipande kilichoingia. Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini watu wote waliokuwa wanaombea chakula sasa walikuwa wanakitazama. Mama Mihayo akasimama. Ni mwanamke mrefu, na siku ile alikuwa amevaa kilemba, akawa mrefu zaidi.

"Mafuta ya gari yamefuata nini jikoni kwangu?"

Nikaanza kueleza. Nikasema mafuta ya kukaangia yakichoka ndiyo yanakwenda kwenye gari, yanakwenda upande mmoja tu, kutoka karai kwenda tanki, hayarudi. Nilidhani naeleweka. Yule yule mwanamume wa pua akauliza:

"Kwa hiyo dumu ni moja?"

"Hapana, mawili."

"Yanafanana?"

"Yanafanana."

"Na lilikaa wapi njiani?"

Jamani, mimi kusema uongo sijui. "Katikati ya pilau," nikasema.

"Ndiyo maana gari linanuka kuku!" akapiga kelele mwingine, na wa tatu akamalizia, "Basi na kuku atakuwa ananuka gari!" Foleni iliyokuwa imeanza kujipanga ikarudi kukaa, viti vikilia kwenye mchanga. Mama Mihayo akamgeukia Nyamizi pale meza kuu, akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nilisema wapishi wapo hapa. Umeenda kutuletea wa mjini aje kutupikia dizeli." Nyamizi akainamisha kichwa, shela likamfunika uso, na hapo, kuliko mahali pengine popote, ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Nikachukua sahani. Nikajipakulia pilau mlima mzima, nikasimama mbele ya harusi nzima, nikala. Kula mbele ya watu wengi wasiokula ni kazi ngumu, mate yanakauka, punje zinakuwa kokoto. Nikameza. Nikatabasamu. Hakuna aliyeinuka.

"Anajikaza huyo," nikasikia.

"Tumpe muda. Dizeli haiui haraka."

"Akipiga honi, mimi naondoka."

Wakacheka, na mimi machozi yananilenga huku natafuna, na Zaituni pembeni yangu ametoa kile kitambaa cheusi mfukoni anajifutia jasho bila kujua ameshika nini. Nilishaanza kuhesabu moyoni namna ya kurudisha vyombo garini, na namna ya kumwambia mnunuzi aje tu alichukue lile gari.

Ndipo Nyamizi akainuka. Bwana harusi akamshika mkono, yeye akauchomoa. Akakusanya gauni lake kwa mikono miwili kama anavuka dimbwi, akaja mpaka mezani, akasimama kati yangu na shangazi yake.

"Shangazi, mimi sijala tangu jana mchana kwa sababu ya hili gauni. Kama hili pilau ni dizeli, basi leo naenda kwa mume wangu bila gari."

Akachukua kijiko kwenye sahani yangu, sahani yangu mwenyewe niliyokuwa nalia juu yake, akala. Akala tena. Kisha akasema kwa mdomo uliojaa, "Mama Kulwa, hiliki umezidisha, kama kawaida yako."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha aina nyingine. Bwana harusi akaja, ataachaje? Mama Mihayo akaja polepole, akainamia sufuria la kwanza akanusa, la pili akanusa, akaninusa na mimi kidogo, akaonja.

"Chumvi haitoshi," akasema. Akajipakulia sahani iliyojaa, akaenda kuketi.

Watu wakafuata. Kuku wakakaangwa kwenye mafuta safi, baada ya kina mama watatu kulinusa lile dumu kwa zamu kama wanakagua maziwa, na mpaka jua linaelekea magharibi sikuwa na cha kurudi nacho isipokuwa ukoko.

Tulipokuwa tunapakia, Mama Mihayo akanifuata mpaka kwenye gari, peke yake, bila kilemba. Nikajiandaa kwa sehemu ya pili.

"Hayo ya gari," akaanza, akitazama pembeni. "Mimi nina mashine ya kusaga. Ni ya zamani, ya dizeli. Siku nyingine nafunga kwa sababu inakula dizeli kuliko inavyosaga, na watu wanarudi na mahindi yao kichwani. Inaweza kunywa hayo?"

Nikamwambia sijui, lakini namjua mtu anayejua. Yale mafuta ya kwenye karai, ya aibu, tuliyachuja tena kwa kanga ya Zaituni tukayarudisha kwenye dumu. Ndiyo yaliyotufikisha Tabora.

Fundi Masudi alikwenda Ipole wiki iliyofuata. Ile mashine inawashwa kwa dizeli tupu mpaka ipate moto, kisha inapewa mchanganyiko, na sasa haifungwi tena katikati ya wiki. Kina mama wa maandazi wa mtaani kwangu hawamwagi mafuta tena kwenye mtaro, wananiuzia, na wananipigia simu bei ya dizeli ikipanda kana kwamba ni habari njema. Gari sikuliuza. Na mwezi uliopita Mama Mihayo alinipa harusi nyingine, ya mwanawe, kwa sharti niongeze chumvi.

Nami nimejiwekea nadhiri: chakula na mafuta ya gari havitalala tena blanketi moja. Dumu la gari nimelipaka rangi nyekundu, na asubuhi za baridi linasafiri mbele, kwenye joto, kiti cha abiria, limefungwa mkanda. Zaituni anakaa nyuma na pilau, na ananung'unika njia nzima mpaka Ipole.