Tofali Lisilo na Kidole

Katika ukuta wa jikoni kwa Mzee Kalibu kuna sehemu ambayo haikupigwa lipu kamwe. Mkewe ndiye aliyekataza. Matofali ya pale waliyafyatua wao wawili mwaka waliooana, na kila moja lina vishimo viwili ubavuni: kikubwa cha kidole gumba cha mume, na kidogo cha mke. Ndivyo walivyofanya kazi maisha yao yote. Mume alijaza udongo kwenye kalibu, kile kisanduku cha kufyatulia, na kulitoa tofali bichi. Mke alilainisha kingo kwa kiganja. Kisha kila mmoja akabonyeza kidole chake, bega kwa bega na cha mwenzake, kabla tofali halijaanikwa. Mtu akiuliza sababu, mke alijibu, "Ili lisije likasema halina wazazi."

Mke alipofariki, Mzee Kalibu aliendelea kubonyeza chake, akiacha nafasi pembeni.

Uzee ulikuwa umeshamkalia mabegani, na watu walikuwa wameshahamia kwenye matofali ya saruji, pale chuo cha ufundi kilipomwita. Mhandisi mmoja, mwanamke wa umri wa binti yake, alikuwa akitafuta namna ya kujenga nyumba mwezini kwa vumbi la huko huko, maana kusafirisha mawe kutoka duniani ni mzigo usiobebeka. Vumbi lenyewe hawakuwa nalo. Walisaga jiwe jeusi la volkano likawa unga mkali kama chupa iliyopondwa. Unga huo haukutiwa maji, kwa kuwa huko maji ni adimu. Ulishindiliwa mkavu kwa jeki ndani ya kalibu ya chuma, kisha ukaingia tanurini hadi chembe zikashikana. Kazi ya Mzee ilikuwa kulitoa tofali bichi bila kulivunja, kulipanga tanurini na kuutunza moto.

"Mchana wa huko ni mkali kuliko maji yanayochemka," mhandisi alimweleza siku ya kwanza, "na usiku wake una baridi ambayo hakuna mlima wa hapa duniani unaoijua. Tofali letu livumilie vyote viwili."

Mtunza ghala, mtu asiyeishiwa mzaha, akadakia, "Mzee, na fundi lipu wa huko akikuachia kazi nusu, utamfuata kwa miguu?"

"Nitakutuma wewe. Huo mdomo wako peke yake unafika."

Lakini mzaha ulipungua kadiri matofali yalivyozidi kupasuka. Kila lililoiva lilitumbukizwa katika kimiminika baridi chenye kufuka ukungu, likatolewa, likaingizwa kwenye joko la moto, likarudishwa baridini. Na kila moja liliachana vipande. Mwishowe wakuu wa chuo walitamka neno lao: wachome mara moja tu tena, na yakipasuka, tanuri lizimwe na karakana ifungwe.  Mzee Kalibu hakuwa na tanuri jingine lililomngoja popote.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mhandisi ameviunganisha vipande mezani, kimoja kimoja, ameinamia lenzi.

"Baba, hebu njoo uone. Nyufa zote zinaanzia hapa, kwenye hiki kishimo. Nilidhani kalibu ina kasoro, nimeikagua, haina. Ni cha nini?"

Mzee alitazama kishimo, kisha akautazama mkono wake. Hakuwa akijua kwamba alikuwa akifanya hivyo hata pale.

"Ni kidole changu, mwanangu."

Mtunza ghala alicheka, akanyamaza alipoona hakuna anayecheka naye.

"Kwenye kila tofali?" mhandisi aliuliza.

"Kila moja. Na ya miaka yote."

Mhandisi aliweka lenzi chini. "Unapobonyeza, unga wa hapo unabanana kuliko wa pembeni. Baridi ikija, kila sehemu inajikunja kivyake. Ya nyumba zetu yanavumilia, baba. Haya hayawezi. Nikimweka mtu mwingine kwenye kalibu, nawe ukabaki na moto, utaona nimekuvunjia heshima?"

"Hutakuwa umenivunjia heshima. Ila niache nijaribu mwenyewe."

Akajaribu. Tofali la kwanza lilipotoka, kidole kilikwenda chenyewe, na alikiona kishimo baada ya kukibonyeza. La pili likawa vilevile. Akaketi juu ya debe, akapumua, kisha akamwomba mtunza ghala kipande cha kitambaa.

"Umejikata, mzee?"

"Sijajikata. Nakifunga kisitembee."

Mtunza ghala alilaza kidole gumba juu ya kiganja cha mzee, akakizungushia kitambaa na kufunga fundo bila kutia neno. Mzee akaendelea kwa vidole vinne, polepole, kama mtu anayejifunza kula upya. Kwa kila tofali aliloliweka chini, aliona kana kwamba anamwacha mkewe njiani na hageuki nyuma.

Moto ulikolezwa, ukapoa. Mhandisi alilitumbukiza tofali katika ule ukungu, akalipeleka jokoni, akalirudisha, akalipeleka tena.  Alipolitoa mara ya mwisho na likapoa, alilipapasa pande zote.

"Limekaa, baba. Halina ufa."

Mtunza ghala alipiga makofi hadi wanafunzi wakachungulia mlangoni. Mzee Kalibu alilipokea tofali, akaligeuza huku na huku. Lilikuwa laini kila upande.

"Ni zuri," alisema. "Ila halimjui mtu."

 Mhandisi akasogea tu, akasimama karibu naye.

Jioni, jikoni kwake, mzee alifungua fundo. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Alikisugua hadi kikaamka, akakiingiza katika kishimo kikubwa cha ukutani. Bado kiliingia, ingawa kucha ilikuwa imenenepa. Kisha akaweka kidole chake cha mwisho, kile chembamba, katika kishimo kidogo cha pembeni, akakaa hivyo mpaka maji ya chai yalipochemka.

Kesho yake kulikuwa na matofali mengine ya kutoa. Alikikunja kitambaa vizuri, akakitia katika mfuko wa shati la kazi.